Somo la Mwezi: Askari wa Butiama
(Tusome Luka 3:10–14)

Ikitajwa Butiama wengi wetu humkumbuka mara moja mwana wa Mtemi Nyerere Burito. Leo tumtazame mwana mwingine wa kijiji hicho, Jenerali David Musuguri, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki Oktoba 2024, mwenye umri wa miaka 104.

Mwaka 1942 aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vitani Madagaska. Miaka mingi baadaye, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, yakaua watu, kuswaga ng'ombe na kulivunja daraja la Kyaka, yeye ndiye aliyekuja kuongoza Divisheni ya 20. Huko Lukaya, Machi 1979, brigedi yetu moja ilishtukizwa ikatawanyika. Kesho yake mambo yakageuka. Kampala ikatekwa Aprili 11. Kuanzia 1980 hadi 1988 alikuwa Mkuu wa Majeshi.

Lakini kabla ya Lukaya kulikuwa na Mutukula, nasi hatupendi kuirukia. Mji huo ulitekwa Januari 1979. Askari wetu, wenye uchungu wa Kagera, waliubomoa, na raia wakauawa. Mwalimu alipopata habari alihuzunika sana, akaagiza raia wasiguswe tena wala mali zao.

Sasa turudi Yordani. Askari nao walimjia Yohana wakitaka kujua wafanye nini. Hakuwaambia wavue sare. Aliwakataza kunyang'anya watu kwa nguvu na kuwasingizia, akawataka waridhike na mshahara wao. (Mshahara wa askari haujapata kutosha, hata siku za Herode.) Tuangalie: Yohana hakuwauliza kama vita vyao ni vya haki. Aliuliza habari za mkono wao juu ya mtu asiye na silaha. Vita vya Kagera vilikuwa vya haki, nasi twaamini hivyo. Hata hivyo Mutukula ilitokea.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Kwa nini Yohana hakuwaambia askari waache kazi?

2. Mtu aliyechomewa nyumba, akisimama mlangoni pa watu wa yule aliyemchomea, ni kitu gani kitauzuia mkono wake?

3. Sungusungu wetu wakifuata nyayo za ng'ombe walioibwa, zikaishia katika boma lenye mama na watoto tu, wafanye nini?