Mtoto wa Mbwa Hajui Korido ni Nini

Wiki ya pili ya mazoezi ya kufundisha, jirani mmoja mkulima wa mpunga aliniletea mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Nilikuwa nimepanga chumba Majimoto, bonde la Rukwa, mkoani Katavi. Kwa asiyepajua: ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unateremkia Kibaoni, ndipo unaitafuta Majimoto, ambayo jina lake limetokana na chemchemi za maji ya moto. Mbwa mwenyewe alikuwa na miezi miwili na jina alikuja nalo: Waache. Kirefu chake Waache Waseme. Vijijini watu wengi humpa mbwa jina la kumpigia mtu kijembe, kwa hiyo sikuuliza lilikuwa linawalenga akina nani.

Mbwa wa kule analala nje. Lakini mbwa wa miezi miwili, peke yake, mahali ambapo fisi wanasikika usiku, asubuhi huenda usimkute. Ikabidi alale chumbani kwangu. Mama mwenye nyumba alikubali kwa sharti. "Mwalimu, nakupa wiki tatu. Baada ya hapo nikikuta tena mikojo koridoni, anarudi alikotoka." Na alikotoka nilishapajua: jirani alikuwa amesema wazi kwamba yeye anabaki na wawili, wengine wakikosa wa kuwachukua anawapeleka porini. Tena chumba cha pili alikaa mzee anayesali swala tano, na njia yake ya kwenda kutawadha ilipita korido hiyohiyo. Kwake mkojo wa mbwa si uchafu wa kawaida, ni najisi, na kila alipoukanyaga alikuwa na kazi ya kujitwaharisha upya. Hakuwahi kunigombeza. Alikuwa anasema tu, "Mwalimu, mwanafunzi wako bado." Nilikuwa naona aibu kuliko ningetukanwa.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tunapanga mitaani na wapo wanaofuga, na kwa sababu mimi, niliyesoma saikolojia ya elimu muhula mzima na kupata B+, nilianza vibaya kabisa.

Siku ya tatu nilirudi kutoka shuleni nikakuta dimbwi koridoni. Nikamshika shingo, nikamsogeza pua mpaka kwenye mkojo, nikampiga kofi. Ndivyo nilivyoona watu wakifanya tangu nikiwa mdogo. Waache akajikunyata, mkia katikati ya miguu, masikio yamelala. Nikamwambia mtoto wa mwenye nyumba aliyekuwa anatazama: "Unaona? Anajua kosa lake." Kesho yake korido ilikuwa kavu. Nikajisifu. Jioni chumba kikaanza kunuka, na nilipoinama chini ya kitanda nikakuta amejisaidia nyuma ya gunia la mchele. Hapo bado. Nilipomtoa uwanjani ili amalizie huko, alinitazama, akakaa, akabana. Tulisimama dakika ishirini. Tukarudi ndani, nikageuka kutafuta kiberiti, na hapohapo akakojoa.

Sasa tuangalie alijifunza nini. Kofi langu lilikuja muda mrefu baada ya yeye kukojoa. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yanayofuata papo kwa papo, sekunde moja au mbili, si nusu saa. Alichokipata yeye ni hiki: mtu huyu na mkojo vikiwa mahali pamoja, ni hatari. Hakuna popote aliposikia "koridoni hapana, uwanjani ndiyo". Kwa hiyo akafanya jambo la akili sana: akaanza kujisaidia mahali ambapo sipo. Na alipokuwa nje pamoja nami, nipo, kwa hiyo akabana.

Na ile sura ya kujua kosa? Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilifanyia jaribio jambo hilo. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa ametii au hakutii, lakini mara nyingine alidanganywa: mbwa hakuwa na kosa lolote, ila bwana wake akaamini amekula na akamkaripia. Sura ya "kujuta" ilijitokeza kwa kufuata karipio, si kwa kufuata kosa. Mbwa asiye na hatia aliyekaripiwa alijikunyata vizuri tu, hata kuliko mwenye hatia. Kumbe Waache alikuwa anasoma uso wangu na mkono wangu. Mkojo aliushausahau.

Nikaanza upya, safari hii kwa andalio la somo. Swali la kwanza la andalio lolote ni mwanafunzi anajua nini tayari, na hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho watu wa nyumba za vigae hawawezi kukiona. Mtoto wa mbwa huzaliwa hajui hata kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba ili mkojo utoke, na huusafisha kwa ulimi. Anapofika wiki ya tatu hivi anaanza kutoka kwenye malazi yake kwenda kujisaidia pembeni. Kufikia wiki ya nane au ya tisa, miguu yake inakuwa imeshazoea sakafu ya aina fulani, na anapobanwa huitafuta aina hiyohiyo. Yaani hatafuti "nje". Neno "nje" ni letu sisi wenye milango. Yeye anatafuta kitu anachokijua chini ya nyayo.

Korido yetu ilikuwa ya udongo. Uwanja wa udongo. Chumba changu kina sementi, ndiyo maana mara nyingi alikuwa anatoka chumbani kwa heshima zote na kwenda kukojoa koridoni: kwa hesabu zake alishatoka! Nilikwenda kwa jirani kuangalia alipozaliwa, nikakuta nyuma ya banda kuna lundo la pumba za mpunga, na pembeni ya lundo ndipo watoto wa mbwa walipokuwa wanajisaidia. Pumba Majimoto ni bure. Nikajaza kiroba, nikamwaga kwenye kona ya uwanja, mbali na kisima na mbali na njia ya mzee, upana wa mkeka mmoja. Juu yake nikatupa kitambaa nilichofutia mkojo wake, ili harufu imwambie ni hapo. Jioni hiyohiyo alikwenda, akanusa, akazunguka mara mbili, akakojoa. Nilitamani kupiga vigelegele, lakini ungekuwa mwisho wa somo.

Baada ya hapo ni suala la saa. Kibofu cha mtoto wa mbwa kina kipimo chake, na wafugaji wengi hukadiria hivi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana kwa wingi kabisa. Wa miezi miwili ni saa tatu, na akiwa anacheza hazifiki. Anahitaji kutolewa akiamka, akimaliza kucheza, na dakika kumi na tano hadi thelathini baada ya kula. Ukimlisha ovyo, atajisaidia ovyo. Mimi nilimpa ugali na dagaa mara tatu kwa siku, saa zilezile, na kilichobaki nikakiondoa. Maji sikumnyima hata siku moja. Joto la bonde lile la mwezi wa kumi silo la kumnyima kiumbe maji. Nikiwa shuleni, mtoto wa mwenye nyumba, darasa la tano, alimtoa saa nne na saa saba kwa mkataba wa andazi moja.

Koridoni nilikuwa nambeba. Mtoto wa mbwa akiwa mikononi ni nadra kukojoa, na akishushwa juu ya pumba anakutana na kazi moja kwa moja. Usiku alilala ndani ya boksi la katoni lenye nafasi ya kujigeuza tu, kwa sababu mbwa hapendi kuchafua anapolala. Ukimpa chumba kizima, kona moja anaifanya kitanda na nyingine choo. Nilitega simu iniamshe saa saba usiku. Tunatoka na tochi, hakuna mazungumzo, hakuna michezo, tunarudi. Ukianza kumchekea usiku, atakuamsha kila siku kwa ajili ya kuchekewa.

Sehemu ambayo watu wengi wanaikosea ni zawadi. Wanampa mbwa kitu wakisharudi ndani. Sasa hapo umemzawadia kurudi ndani! Dagaa lazima atoke mfukoni palepale, mara anapomaliza, kabla hajapiga hatua. Na kwa kuwa mkono huchelewa, unatanguliza sauti. Thorndike alilionyesha jambo hili kwa paka tangu mwaka 1898: tendo linalofuatwa na matokeo mazuri hurudiwa. Skinner akaja kulitengenezea mashine. Lakini mfano wetu wa karibu upo Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya kwanza anazoeshwa kwamba mlio mdogo wa "tik" maana yake ndizi inakuja. Baadaye akinusa baruti na kuonyesha mahali, anasikia "tik" papo hapo, ndizi inafuata. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alikwenda Kambodia akagundua mabomu 71 ya ardhini, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kama "tik" inaweza kumfikisha panya huko, pumba zangu ni jambo dogo. "Tik" yangu ilikuwa neno "Safi!", kwa sauti moja kila siku, halafu dagaa.

Ajali zilikuwepo. Nikimkuta katikati ya tendo, nilipiga makofi mawili ya mikono yangu, si yake, akashtuka akakata, nikambeba hadi kwenye pumba. Nikikuta limeshatokea, kosa ni langu la saa, nasafisha nanyamaza. Kwenye sementi nilitumia sabuni ya unga na siki. Dawa za kudekia zenye amonia ziepuke, kwa sababu harufu yake inafanana na mkojo na utakuwa unamkaribisha tena. Koridoni, kwenye udongo, nilikwangua tabaka la juu kwa jembe, nikamwaga, nikaweka udongo mpya na kuushindilia. Mzee aliona nakwangua akaja kunisaidia, akanieleza kuwa katika mafundisho yao palipoguswa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tukaelewana kuanzia hapo kuliko wiki zote za "shikamoo" na "marahaba".

Kinyesi ni habari nyingine, na hapa sitaki mzaha. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari wana minyoo waliyoipata kwa mama. Mayai ya minyoo hiyo yakitoka na kinyesi hukaa kwenye udongo wiki kadhaa ndipo yanakuwa hatari, na mtoto wa binadamu anayechezea udongo na kutia vidole mdomoni anaweza kuyameza. Viluwiluwi vyake huzunguka mwilini, hata kufika jichoni. Kwa hiyo kinyesi huzolewa kila siku na kufukiwa shimoni, si bustanini wala karibu na maji. Mtafute ofisa mifugo wa kata kwa dawa ya minyoo mapema, na kwa chanjo ya kichaa cha mbwa anapofikisha miezi mitatu. Ukiuliza gharama, linganisha na sindano za mtu aliyeng'atwa.

Kuna jambo lilinisumbua wiki hizo na halikuwa la mbwa. Darasani, Kidato cha Pili, nilikuwa na kawaida ya kumsimamisha aliyekosea jibu mpaka mwingine apatie. Wiki ya kwanza mikono ilikuwa mingi. Wiki ya nne nilikuwa nauliza swali, naona vichwa tu. Nikawaita wavivu kwenye taarifa yangu ya wiki. Halafu jioni moja, nimesimama uwanjani na Waache anayebana, nikakumbuka vile vichwa. Sisi wa elimu tukibishana kuhusu viboko huwa tunabishania idadi: kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, na vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi. Sijasikia kwenye semina yoyote tukiuliza mwanafunzi anaanza kuficha nini. Ukimtia hofu ya kukosea mbele yako, hutaona tena anapokosea, na usichokiona huwezi kukisahihisha. Waache alichukua siku nne kukojoa tena mbele yangu bila woga. Kidato cha Pili walichukua zaidi, na wengine hawakurudi mpaka naondoka.

Kauntabuku yangu inaonyesha siku ya kumi na saba kuwa ya kwanza bila ajali. Siku ya ishirini mvua ikanyesha, pumba zikalowa, akagoma kuzikanyaga na akaimaliza hasira yake koridoni. Nikadhani ndiyo basi. Mama mwenye nyumba alitoka, akatazama dimbwi, akatazama mvua, akasema, "Hata mimi leo chooni sijaenda." Nikaongeza turubai juu ya kona. Mbwa hukomaa kibofu kati ya miezi minne na sita, kwa hiyo ukiona kurudi nyuma kabla ya hapo usitafute mchawi. Ila akiwa ameshazoea kabisa kisha akaanza kukojoa kidogokidogo kila mara, au mkojo una damu, hiyo si tabia, ni ugonjwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Niliondoka Majimoto Waache akiwa na miezi minne, analala barazani. Yule mtoto wa darasa la tano ndiye mwalimu wake sasa. Nilimwachia kopo la dagaa, na tayari alikuwa amebadilisha neno: badala ya "Safi!" anasema "Mwalimu!", na mbwa anakimbilia pumba.