Damu Iliyofunikwa kwa Udongo

JUMATANO

Soma Mwa. 9:2–5; Law. 17:13, 14, Kum. 22:6, 7. Mungu alimwekea mwindaji mipaka gani?

Edeni hapakuwa na mwindaji. Ruhusa ya kula nyama ilitolewa baada ya gharika, na pamoja nayo wanyama wakaanza kumwogopa mwanadamu. Hata hivyo, Mwisraeli aliyemkamata paa porini, mnyama safi asiye na mwenyewe, hakuachiwa afanye atakavyo. Ilimpasa aimwage damu na kuifunika kwa udongo, ingawa huko porini hapakuwa na kuhani wala shahidi wa kumwona. Hivyo alikiri kwamba uhai alioutwaa haukuwa wake. Na sheria ya kiota? Makinda angeweza kuwachukua, lakini mama aachwe aende, azae tena.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huuruhusu kwa kibali, na wageni hulipa fedha nyingi ili kuwinda katika vitalu. Wanaoutetea husema fedha hizo hulinda mapori ambayo yangegeuzwa mashamba. Tembo wa Amboseli, lakini, hawaujui mpaka wa nchi. Kuanzia mwaka 2023 madume kadhaa wenye pembe kubwa waliuawa na wawindaji upande wa Tanzania, na ubishi ukawaka. Biblia haitaji idadi ya tembo wanaoweza kuwindwa. Esau alitumwa kuwinda ili baba yake ale (Mwa. 27:3, 4), anayeua ili pembe zitundikwe ukutani yuko mbali na Law. 17, hata kama kibali chake ni halali.

Lakini washiriki wengi hawatanunua kamwe kibali cha kuwinda simba. Jaribu lao liko shambani. Fikiria mshiriki anayeishi kando ya hifadhi. Tembo wamemaliza mahindi yake kwa usiku mmoja. Kifuta jasho cha serikali hakijafika, na ada ya shule inadaiwa. Anatega mitego ya waya. Waya hauchagui: hunasa dume, hunasa na jike mwenye mimba, na mnyama huweza kuteseka siku nzima kabla mwenye mtego hajarudi (linganisha na Mit. 12:10). Siku ya Sabato analeta nyama ya swala kwenye chakula cha pamoja. Ni nyama safi (Kum. 14:5), na damu ilimwagwa. Kibali hana, na mzee wa kanisa anajua.

Jadilini darasani: Je, usafi wa nyama unatosha kuiweka mezani? Soma Rum. 13:1–5 pamoja na Isa. 58:7. Mzee wa kanisa amwambie nini ndugu huyu, na amwambie wapi? Je, mashemasi na akina mama wa Dorkasi walifika kwake asubuhi ile tembo walipopita?