Ukipapaswa Mgongo, Sema

Mdogo wangu wa Kinkondja, umeuliza kama ni sawa kumwachia mtu akubonyeze mgongo pingili kwa pingili kisha aunyooshe, kwa kuwa kiuno kinakuuma na usiku hulali. Yaya wako anakujibu hivi: kubonyezwa, ndiyo, kama anayebonyeza amesomea. Kunyooshwa, subiri kwanza.

Najua kazi za huko. Beseni la samaki wa kukaushwa kichwani kutoka ufukweni mwa ziwa Kisale, nyavu zenye maji, baiskeli iliyojazwa magunia. Wengine wanaishi kwenye visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na shughuli zao nyingi ni za kuinama. Usione aibu basi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno.

Kunyoosha huko hufanywa katika tiba ya kiropraktiki, inayofanya kazi kwa mikono juu ya uti wa mgongo. Tiba hiyo ilianzia Davenport, Marekani, mwaka 1895, kwa mtu aitwaye D. D. Palmer. Yeye aliamini kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama. Imani hiyo haikuthibitishwa, kwa hiyo mtu akikugusa mgongo na kukutangazia kwamba amegundua sababu ya kukosa mtoto au ya presha yako, vaa kitenge chako uondoke.

Mwenye ujuzi haanzi kwa mikono. Kwanza anakuuliza: maumivu yalianza lini, ulianguka, yanashuka mguuni? Kisha anakutazama umesimama, kama mabega yako sawa. Ndipo anapapasa. Mgongo wa kiganja unatafuta joto, ncha za vidole zinatafuta msuli uliokaza. Anahesabu pingili kwa alama za mwili: kifundo kinachochomoza chini ya shingo ukiinamisha kichwa, ambacho mara nyingi ni pingili ya 7 ya shingo, ncha ya chini ya kombe la bega, ukingo wa juu wa nyonga, uliokaribia pingili ya 4 ya kiuno. Shingo ina pingili 7, kifua 12, kiuno 5. Baadaye anakuinamisha na kukugeuza polepole, vidole vikiwa katikati ya mifupa, asikie ipi inasogea na ipi imekakamaa.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Watafiti wamewapa wapapasaji tofauti mgongo uleule, na mara nyingi wamepishana juu ya pingili iliyokakamaa. Wanakubaliana zaidi juu ya mahali mgonjwa anaposikia maumivu. Maana yake, mikono peke yake haitoshi. Sauti yako ni sehemu ya uchunguzi. Nasi wanawake tumefundwa kujikaza, hata kwenye uchungu wa kuzaa. Kitandani kwa mganga usijikaze. Sema: hapo, hapana, chini kidogo, hapo panachoma hadi gotini. Ukikaa kimya unampa nusu ya habari, naye atakutibu kwa nusu hiyo.

Na kama anayekupapasa ni mwanamume, una haki ya kubaki na kitenge kiunoni, na ya kuwa na shangazi au dada chumbani. Akikataa, huyo hafai.

Sasa yale yanayonitia hofu. Mgongo unaouma usiku ukiwa umelala, pamoja na homa, jasho, kukonda, au nundu inayochomoza katikati ya uti, unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na bado uko nasi. Unatibika kwa dawa, tena kwa miezi mingi. Mgongo wa namna hiyo ukinyooshwa kwa nguvu, miguu inaweza kupooza. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi au pikipiki, na kwa bibi mwenye mifupa iliyodhoofika. Ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, mguu kuishiwa nguvu: hayo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu ujuzi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2005 lilitaka mafunzo kamili ya kiropraktiki yasipungue saa 4,200. Afrika Kusini yanatolewa vyuoni Durban na Johannesburg. Anayejiita fundi wa mgongo, muulize alisomea wapi, wala usiogope kuonekana mkaidi.

Kupapasa si mali ya kiropraktiki peke yake. Daktari na muuguzi pia wanafundishwa. Nenda hospitali ya Kinkondja wiki hii, upapaswe huko kabla mtu mwingine hajaushika mgongo wako, na useme yote, hata ya haja ndogo unayoona haya kuyataja.