Gari limenyooka, bei imepinda: thamani iliyopotea hudaiwaje?

Gari lililopata ajali linaweza kutoka gereji likiwa limenyooka, rangi imeshika na injini inanguruma kama awali, na bima ikawa imelipa gharama yote ya matengenezo hadi senti ya mwisho. Mwenye gari anaridhika mpaka siku anapolipeleka sokoni. Hapo mnunuzi anauliza swali moja tu, iwapo gari limewahi kugongwa, na jibu la kweli linashusha bei kwa fedha ambayo hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Pengo hilo ndilo linaloitwa upungufu wa thamani, na katika baadhi ya nchi hudaiwa na kulipwa kama hasara nyingine yoyote.

Waagizaji wa magari wa Dar es Salaam na Mombasa wanalifahamu jambo hili kwa upande wa ununuzi. Karatasi ya mnada ya Japan huliwekea gari lililotengenezwa baada ya ajali alama ya R au RA, na bei yake huwa chini ya gari la mwaka na kilomita zile zile lisilo na alama hiyo. Ikumbukwe kuwa Wajapani hawatoi alama hiyo kwa sababu ya bampa au mlango uliobadilishwa. Wanachoangalia ni kama mifupa ya gari, yaani chesisi, nguzo na sakafu, imeguswa. Huko Marekani kazi kama hiyo hufanywa na taarifa za historia ya gari, maarufu zaidi zikiwa za Carfax, ambazo mnunuzi huzipata kwa kutumia namba ya chesisi.

Jimbo la Marekani ambako somo hili limekomaa kuliko kwingi ni Georgia. Tangu mwaka 1926 mahakama za jimbo hilo zilikwishasema kuwa kipimo cha hasara ni tofauti kati ya thamani ya gari kabla ya ajali na thamani yake baada ya matengenezo. Kwa miaka mingi kampuni za bima zililipa matengenezo na kunyamaza kuhusu hiyo tofauti. Mwezi Novemba 2001 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Georgia, katika shauri kati ya kampuni ya State Farm na wateja wake lililojulikana kwa jina la Mabry, iliamua kuwa kampuni haiwezi kusubiri mteja adai. Ni wajibu wake kuchunguza upungufu wa thamani pamoja na matengenezo, hata pale mteja mwenyewe ndiye aliyesababisha ajali, ili mradi ana bima inayofidia uharibifu wa gari lake.

Ushindi huo ulikuja na mkia wake. Katika utekelezaji wa shauri hilo iliwekwa kanuni ya hesabu, ambayo kwa kuwa ilikuwa kwenye aya ya 17 kifungu kidogo cha c, hadi leo inaitwa 17c. Kanuni yenyewe ni rahisi, na urahisi huo ndio unaozipendeza kampuni. Kwanza inachukuliwa asilimia 10 ya thamani ya gari kuwa kikomo cha juu. Kisha inazidishwa kwa kipimo cha uharibifu, kuanzia 1 kwa mifupa iliyoharibika vibaya, hadi 0.5 kwa uharibifu wa wastani, 0.25 kwa mdogo na sifuri kwa sehemu zilizobadilishwa tu. Mwisho inazidishwa tena kwa kipimo cha maili: 1 kwa gari lisilofika maili 20,000, kisha 0.8, 0.6, 0.4 na 0.2 kwa kila maili 20,000 zinazoongezeka, na sifuri likifika 100,000.

Chukulia gari lenye thamani ya dola 24,000, lililotembea maili 45,000 na kupata uharibifu wa wastani. Asilimia 10 ni dola 2,400. Zidisha kwa 0.5, zinabaki 1,200. Zidisha kwa 0.6, mwenye gari anapewa dola 720 na karatasi ya kusaini.

Tatizo la hesabu hii haliko kwenye kuzidisha. Liko kwenye vipimo vyenyewe. Hakuna soko lililowahi kukubaliana kuwa gari haliwezi kupoteza zaidi ya asilimia 10. Hicho ni kikomo cha mezani. Lililo zito zaidi ni kwamba maili zimekatwa mara mbili. Ile bei ya dola 24,000 ilikwisha kuzingatia kuwa gari limetembea maili 45,000, kwani lingekuwa na maili 10,000 lingeuzwa ghali zaidi. Kuja tena na 0.6 ni kumtoza mwenye gari kodi ile ile kwa mara ya pili. Idara ya bima ya Georgia yenyewe ilitoa waraka mwaka 2008 kueleza kuwa haijaidhinisha kanuni hiyo kuwa ndiyo njia ya kukadiria hasara. Kwa hiyo dola 720 ni bei ya kuanzia maongezi, na anayeipokea kama hukumu anajipunja mwenyewe.

Dawa yake ni ushahidi wa soko. Mwenye gari huenda kwenye yadi tatu au nne zinazouza magari ya aina yake, akiwa na picha za ajali, ankara ya matengenezo na taarifa ya historia, na kuomba kila yadi iandike bei mbili: ingelinunua kwa kiasi gani kama halijagongwa, na italinunua kwa kiasi gani kwa hali ilivyo. Wengi hukosea hapa. Huchukua bei ya kuuzia iliyobandikwa kwenye kioo na kuilinganisha na bei ya kununulia waliyopewa, na kampuni ya bima inawarudisha kwa urahisi kwa kuwaonyesha kuwa tofauti hiyo ni faida ya mwenye yadi. Yadi zikisema zingelinunua kwa 21,500 likiwa safi na zitatoa 18,700 kwa hali yake, pengo la 2,800 limesimama kwa miguu yake. Kwa gari la thamani kubwa, ripoti ya mthamini wa kujitegemea aliyelikagua gari kwa macho hulipa gharama zake. Ripoti iliyoandikwa bila gari kuonekana ni dhaifu.

Baada ya hapo huandikwa barua ya madai, yenye kiasi kamili na vielelezo, na kutumwa kwa posta ya kusajiliwa. Sheria ya Georgia huipa kampuni siku 60. Ikikataa kwa nia mbaya, mahakama inaweza kuiongezea adhabu ya hadi asilimia 50 ya deni au dola 5,000, kiasi chochote kilicho kikubwa, pamoja na gharama za wakili. Madai yasiyozidi dola 15,000 husikilizwa katika mahakama ndogo ambako mtu anaweza kujisimamia, na muda wa kufungua shauri la uharibifu wa mali ni miaka minne. Hati ya malipo ya matengenezo isomwe kabla ya kusainiwa, kwani ikisema malipo ni kamili na ya mwisho, mlango umefungwa.

Mwenye gari asidhani kuwa Georgia ni Marekani nzima. Huko Texas mahakama ya juu iliamua mwaka 2003 kuwa kampuni iliyomlipia mteja wake matengenezo kamili haidaiwi upungufu wa thamani chini ya mkataba wake. Anayebaki kudaiwa ni yule aliyegonga, na bima yake. Aidha magari makuukuu hayana hoja: mahakama kuu ya Ujerumani, nchi inayolipa fidia hii kwa kawaida, ilimkatalia mwaka 2004 mwenye Mercedes ya miaka 16 iliyotembea kilomita 164,000.

Kwa Afrika Mashariki, bima ya lazima ya Tanzania inahusu kifo na majeraha, si mali. Anayetaka kudai lazima atazame mkataba wa bima wa aliyemgonga au amdai mwenyewe. Msingi wa kisheria haukosekani. Katika shauri la Payton na Brooks la mwaka 1974, mahakama ya rufani ya Uingereza ilikubali kuwa upungufu wa thamani baada ya matengenezo unaweza kufidiwa. Uamuzi huo haufungi mahakama za hapa, ila wakili anaweza kuutaja. Mdai wa shauri lile hata hivyo aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa ushahidi wake wa bei haukutosha.