Trakteri inalia "tak" tu

Mukigeuza kifunguo na trakteri ya zamani inalia "tak" bila kuzunguka, musikimbilie kununua demareri mpya. Weka vitesi kwa pwamoro, funga freni, washa taa. Taa ikizimika wakati wa kudemare, batri imechoka ao vifungo vyake vina kutu. Pima na voltimetri, toka ncha ya batri ya upande wa masi mpaka chuma ya moteri, mwenzako akigeuza kifunguo. Ikipita volti 0,5, masi ni mbaya: fungua ile kamba, kwangua kutu na rangi, kaza. Kazi hii haiombi feza.

Wengine wanaunganisha borni za demareri na turnevisi. Hapana! Umeme unapita pembeni ya kizuizi cha pwamoro. Vitesi ikiwa ndani, moteri inawaka na gurudumu ya nyuma inakukanyaga palepale unasimama.