Karatasi za Marudio: Fungua Kabla ya Kulipa
Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa Gredi ya 9, Wang'uru na Mwea yote

Mama anayenunua pishori hapa Wang'uru haridhiki na maandishi ya gunia. Huchota ukufi, akaunusa, akatafuna punje mbili tatu, maana anajua pishori huchanganywa na mchele wa bei ya chini kisha ukauzwa kwa jina lake. Lakini mama huyohuyo mtoto akimletea bunda la karatasi za marudio, hulipa bila kulifungua. Tunamwomba alichunguze vilevile. Pesa itapotea na kurudi, ila jioni za mtoto zilizotumika kwenye karatasi mbovu hazirudi.

Mtihani wenyewe ni KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2025. Unachangia asilimia 60 ya alama zinazotumiwa kumpangia mtoto nafasi katika sekondari pevu. Asilimia 20 hutoka KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Kwa hiyo mtoto akiingia Gredi ya 9, asilimia 40 imeshawekwa, na hakuna kitabu cha marudio kitakachoibadilisha. Muuzaji anayeahidi kwamba bunda lake litampeleka mtoto shule fulani anaahidi asicho nacho.

Tazama kwanza karatasi imetungiwa mtihani gani. KCPE, mtihani wa zamani wa Darasa la Nane, ilikwisha mwaka wa 2023. Hisabati yake ilikuwa maswali 50, yote ya kuchagua A, B, C au D. Maswali hayo hayajatupwa: mengine yamevishwa jalada jipya lenye neno CBC na kurudishwa sokoni. KJSEA humtaka mtoto pia aeleze na aonyeshe njia, na baadhi ya masomo yana miradi na kazi za vitendo. Ukifungua kurasa kumi usione nafasi ya kuandika hata sentensi moja, bunda hilo lirudishe.

Kisha soma majibu, na hapa usiharakishe. Chukua swali kama hili: "Ni skimu gani ya umwagiliaji inayokuza mpunga? A. Mwea B. Ahero C. Perkerra." Nyuma ya kitabu wameandika A. Mtoto wa hapa atapata alama, kwa kuwa mpunga anauona kila akienda shule. Lakini Ahero, kule Kisumu, nako hulimwa mpunga. Swali lina majibu mawili sahihi na mtunzi hakujua. Mtoto aliyeandika B, tena kwa kujua, ataambiwa amekosa, na kesho ataogopa kutumia akili yake. Kitabu kizuri hakiishii kwenye herufi. Hueleza kwa nini jibu hili ni sahihi, na kwa nini lile linalofanana nalo si sahihi. Kama hukusoma sana, mpe mwalimu wa somo maswali matano ayapime kabla hujanunua. Ni kazi ya dakika chache.

Anza na vya bure. KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kitaifa, hutoa mifano ya karatasi kwenye tovuti yake, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na mtihani wenyewe. Wazazi wachache wakichanga, nakala moja ikachapishwa saiba na kutolewa kopi, kila mtoto atapata yake. Vitabu vya kiada vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, navyo vina mazoezi mwisho wa kila mada, na mengi hayajaguswa. Mtihani wa mwigo wa shule jirani ni mzuri ukija na mwongozo wa kusahihisha. Bila mwongozo, mwachie mwalimu.

Anayekuuzia "karatasi yenyewe" kwa simu kabla ya mtihani, usimtumie hata shilingi. Aghalabu ni tapeli. Na ikiwa kweli anayo, kuwa nayo ni kosa la jinai.

Usinunue karatasi thelathini. Moja kwa juma yatosha, mradi mtoto aifanye kwa saa, isahihishwe, na yale aliyokosa ayarudie baada ya siku saba bila kuangalia majibu. Daftari dogo la makosa yake mwenyewe lina faida kuliko bunda zima lililowekwa alama za vema na kusahaulika.

Mtihani huja mwisho wa mwaka, mpunga unapoiva na ndege wanapovamia mashamba. Tunajua mikono ya watoto huhitajika huko. Lakini mtoto akirudi kutoka kuamia ndege, tafadhali mpe saa moja, karatasi moja, na mtu mzima wa kukaa kando yake akimwuliza, "Hili umelipataje?"