Wima au Ulalo? Polaraizesheni ya Antena na Mawasiliano ya Mbali kutoka Isiolo

Mwendeshaji wa redio ya ridhaa aliyeko Isiolo anapotaka kuzungumza na mwenzake wa Muscat, umbali wa takriban kilomita 3,400, hukabiliwa na swali hili: antena isimame wima au ilale? Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa kanuni iliyokaririwa, ambayo asili yake ni mazingira mengine kabisa.

Wimbi la redio lina uga wa umeme unaotikisika. Uelekeo wa mtikisiko huo ndio uitwao polaraizesheni. Waya uliosimama hutoa wimbi la wima. Uliotandazwa sambamba na ardhi hutoa wimbi la ulalo. Kwa redio za mkononi zinazoonana moja kwa moja, kanuni ni kali: antena mbili zikihitilafiana, nguvu inayopokelewa yaweza kupungua mara 100.

Safari ya Muscat ni tofauti. Wimbi la masafa mafupi hupanda hadi ionosfia, kilomita 300 hivi angani, likapindwa na kurudishwa ardhini. Huko juu, usumaku wa dunia huligawa katika sehemu mbili zenye kasi tofauti. Zinapoungana tena, uelekeo wa mtikisiko umekwisha kugeuka, na huendelea kugeukageuka. Hiyo ni mojawapo ya sababu za sauti kufifia na kurudi. Kwa hiyo, kuilinganisha antena ya Isiolo na ile ya Muscat hakuleti faida kubwa.

Linalobaki ni pembe ya kuondokea, nayo hutegemea ardhi. Antena ya wima husifiwa kwa kurusha wimbi karibu na upeo wa macho. Sifa hiyo ni ya haki kwa aliyeko ufukweni Lamu, ambako maji ya chumvi huliakisi wimbi vizuri. Udongo mkavu wa Isiolo hulimeza. Nyaya zinazotandazwa kulizunguka shina la antena husaidia, ila haziiponyi ardhi iliyo makumi ya mita mbele, ambako wimbi la pembe ndogo huakisiwa. Wimbi la ulalo halidhuriki sana na ukavu huo.

Chukua megahezi 14, ambapo urefu wa wimbi ni mita 21 hivi. Dipoli ya waya wa mita 10, ikiinuliwa mita 10 kati ya migunga miwili, huelekeza nguvu zake nyingi kwenye pembe ya digrii 30. Safari ya Muscat kwa miruko miwili huhitaji digrii 15 hivi, na kwenye pembe hiyo dipoli bado hutoa zaidi ya nusu ya kilele chake. Ncha zake zielekee kaskazini magharibi na kusini mashariki, ili ubavu uitazame Oman.

Isipopatikana miti mirefu, hukumu hubadilika. Dipoli iliyofungwa mita 3 tu juu ya ardhi hurusha karibu kila kitu utosini, na hapo antena ya wima, pamoja na hasara zake, yaweza kuishinda kwa Muscat. Hata hivyo, waya mwingine wa mita 20, uliokatwa kwa megahezi 7 na kufungwa chini vivyo hivyo, hufaa mchana kwa Marsabit, kilomita 220 kaskazini: wimbi hupanda karibu wima, likashuka ng'ambo ya milima.